Mchinjaji Aliyeambiwa Asije

"Niulize tena, madam. Niulize hata mara mia," Opiyo alisema. "Siku hiyo ya karamu nilibeba sufuria na viti. Dirie sikumbeba. Dirie hata sikumwona."

Inspekta Nakhumicha alikuwa amemuuliza swali hilo kwa kila namna aliyofundishwa chuoni, na kwa nyingine alizojifundisha mwenyewe kazini. Dereva huyo wa lori alirudi palepale kila mara. Mwongo huwa hatulii. Leo ataongeza chumvi, kesho atapunguza. Opiyo hakuongeza wala hakupunguza, na jambo hilo lilimkera Nakhumicha, kwa sababu kumfunga mwongo kungemsumbua kidogo tu.

"Lakini mliwahi kugombana," alisema.

"Tuligombana, ndio. Niligonga fahali wake pale kwa barabara ya machimbo. Akanitukana Kisomali, nikamtukana Kijaluo, hakuna aliyeelewa mwenzake, tukaachana. Sasa mimi niue mtu kwa sababu ya matusi sikuelewa?"

Nakhumicha nusura acheke. Aliangalia chini mpaka kicheko kikapita.

"Mheshimiwa anasema Dirie alipanda lori lako jioni."

"Mheshimiwa ni mtu mkubwa," Opiyo alisema polepole. "Bibi yangu yuko Rongai na watoto. Kesho mkinipeleka korti ya Kajiado, madam, hiyo imeisha. Mtu kama mimi akiingia kwa kesi ya mauaji hutoka na mvi."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Dirie, mfanyabiashara wa mifugo mwenye asili ya Wajir na makao Kitengela, alikutwa Jumatatu amekufa ndani ya shimo la zamani la machimbo huko Enkutoto, ng'ambo kidogo ya mji wa Kajiado. Kichwa kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema alikufa Jumamosi, lakini kutaja saa hakuthubutu, kwa vile mwili ulikuwa umeshinda juani.

Na sababu ya kumuua? Hiyo ilikuwa chini ya ardhi. Dirie alikuwa amekodi malisho kutoka kwa ukoo mmoja wa Enkutoto, na chini ya malisho hayo kulilala mawe ya chokaa, yale ambayo viwanda vya saruji huyatafuta kwa udi na uvumba. Mheshimiwa Sirinket, mwakilishi wa wadi hiyo, ambaye pia alikuwa mwenye machimbo ya jirani kwa jina la shemeji yake, alitaka Dirie ahame. Dirie akakataa katakata. Ndipo Jumamosi Mheshimiwa akaandaa karamu ya upatanisho, na mgeni wa heshima akawa Dirie.

Wageni waliohojiwa, wazee watano, walisimulia hadithi moja. Dirie alifika alasiri. Akakaa na wazee, akakubali kuhama, kisha magharibi akaondoka kwa lori la Opiyo. Na kila mmoja alimalizia kwa maneno yaleyale: alikula, akashiba, akashukuru. Watu watano hawawezi kusema maneno yaleyale isipokuwa wako kanisani au wamefundishwa.

Khadra, mjane wa Dirie, yeye alikuwa na lake. Alisema mumewe alitoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri. Mheshimiwa alimwita wazungumze wawili kabla ya wageni. Lakini neno la mjane mmoja, dhidi ya wazee watano na mheshimiwa, litasimama wapi?

Wamalwa, mkuu wa kituo, alimngojea Nakhumicha nje ya chumba cha mahojiano.

"Hiyo faili ifungwe leo. Kesho asubuhi huyu aende Kajiado."

"Bosi, faili iko na mashimo."

"Hata paa la nyumba yangu liko na mashimo, na nalala." Kisha akalainisha sauti. "Mzee wako anaendeleaje na kazi?"

Nakhumicha alimwelewa. Mume wake, Wakhungu, alikuwa karani wa kiwanda kimoja Athi River mpaka kiwanda kikafungwa. Akakaa nyumbani muda mrefu, akawa anaosha vyombo na kutazama simu isiyolia, huku mshahara wa Nakhumicha ukikatwa huku na kule hadi kinachobaki kikawa cha kodi ya nyumba na unga tu. Aliyemwokoa ni Mheshimiwa Sirinket. Sasa Wakhungu ndiye aliyekuwa akipanga shughuli zake zote: mikutano, mazishi, harambee, karamu. Nakhumicha alimwambia Wamalwa mambo haya siku ya kwanza kabisa, akamwomba faili apewe mwingine. Wamalwa alicheka, akamwambia, "Ndio maana nimekupa wewe."

Alichukua funguo za gari la kituo.

"Unaenda wapi?"

"Kufunga faili, bosi."

* * *

Ukiacha lami ya barabara ya Namanga kuingia Enkutoto, kila kitu ni cheupe. Migunga ni mieupe, mbuzi ni weupe, hata punda wanaobeba mitungi ya maji wamepakwa vumbi la chokaa. Malori hutoka yamejaa na kurudi matupu. Langoni kwa machimbo vijana walikuwa wamechuchumaa wakingoja kuitwa kibarua, na siku hiyo, kama siku nyingi, hakuna aliyeitwa. Nyuma ya ua, mashine ilikuwa ikiosha mawe kwa maji safi. Wanawake wenye punda walipita wakiyasikia maji hayo, nao wenyewe wakaenda kununua yao kwenye bauza, lori la kuuza maji. Mali iko chini, wenyewe wako juu, na katikati kuna geti. Nakhumicha alipita hapo na hasira yake, maana hakuwa na la kuifanyia.

Mbele kidogo, njia ya kwenda shimo la zamani ilikuwa imeota nyasi. Siku hizi hakuna gari linalopita huko, wala mtu, isipokuwa mwenye jambo lake.

Nyumba ya Mheshimiwa ilikuwa juu ya kilima. Uani nyuma, ngozi za karamu zilikuwa zimewambwa chini kwa vigingi zikikauka, na mama mmoja mzee alikuwa akikwangua mafuta.

"Takwenya, yeyo," Nakhumicha alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama akajibu, akafurahi kuona mgeni anajua adabu.

Nakhumicha alichuchumaa kando yake kana kwamba amekuja kupumzika. Kwa miaka alinunua nyama Kitengela kwa bucha ya Aweys, na kila mara alizikuta ngozi zimerundikwa nyuma ya duka. Kila ngozi ya Aweys ilikuwa na alama moja: mkato wa kisu uliopita kooni kutoka upande hadi upande. Aliiangalia ya mbuzi iliyokuwa mbele yake. Sehemu ya koo ilikuwa nzima. Akatazama ya pili, na ya ng'ombe pia. Hakuna hata moja yenye mkato huo.

"Yeyo, hizi zote ni za karamu ya Jumamosi?"

"Zote."

"Na huyu alichinjwa vipi?"

Mama mzee aliweka kiganja chake juu ya mdomo na pua yake mwenyewe, akakibana. "Hivi. Kama baba zetu. Damu haikumwagika chini, vijana walikunywa."

Nakhumicha akashukuru, akainuka.

Mheshimiwa alimpokea kwenye baraza kwa mikono miwili. "Shemeji! Karibu, karibu. Mtu wa Wakhungu ni mtu wetu." Akaagiza chai. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowaogopesha watu. "Faili imefika mwisho?"

"Bado kidogo tu, Mheshimiwa. Mambo madogo. Dirie alikula nini?"

"Si nyama? Nilimkatia ubavu mimi mwenyewe, kwa kisu changu. Alikula, akashiba, akashukuru."

"Nani alichinja?"

Kikombe cha Mheshimiwa kilisimama njiani. Kisha akacheka. "Wewe shemeji, unauliza kama mpishi!"

"Ni ya kujaza faili tu."

"Tulileta Mwislamu kutoka Kitengela. Karamu ya watu wote, lazima Mwislamu ashike kisu. Hiyo hata mtoto wa nasari anajua."

"Anaitwa nani?"

"Hayo ni mambo ya watu wa ofisi, shemeji. Kunywa chai."

Nakhumicha alikunywa chai mpaka chini, kwa sababu mtu mwenye haraka huonekana. Akaaga. Alipokuwa akigeuza gari alimwona Mheshimiwa kwenye kioo, amesimama barazani, simu sikioni, hacheki tena.

* * *

Ukitaka Mwislamu wa kuchinja kwenye sherehe, kuanzia Kitengela hadi mjini Kajiado, utamwita Aweys. Kisu chake ni chepesi, bei yake haina mizungu, na hasahau kuomba dua. Nakhumicha alimkuta akipanga maini.

"Mama Shirleen! Leo nikupimie matumbo?"

"Leo niko kazini, Aweys. Jumamosi ulichinja kwa Mheshimiwa Sirinket?"

Loo! Ni kama alimwagia mtu maji ya moto. Aweys alitupa kitambaa juu ya meza.

"Ningechinja! Ijumaa nimenoa kisu, nimefua kanzu, nimelipa mtu wa boda. Asubuhi niko kwa stendi naingia gari, simu inalia: Aweys, usikuje. Leo hakuna Mwislamu kwa wageni, tutafanya kimila. Walai, hivyo tu! Mtu unafukuzwa kama kuku!"

"Asubuhi wakati gani?"

"Mapema. Maduka hayajafunguliwa. Mimi nimetoka msikitini, nimekunywa chai, basi."

Nakhumicha aliegemea kaunta. Alitaka kulipanga jambo hilo kwa sauti, alisikie mwenyewe.

"Aweys, wewe ni rafiki ya Dirie. Angekula nyama ya mnyama aliyebanwa pumzi?"

"Nyamafu?" Aweys alishtuka kama ametukanwa. "Dirie? Huyo hata biskuti anasoma nyuma ya pakiti. Angelala njaa mwaka mzima."

"Kwa hivyo ubavu hakula."

"Hakula, hakushika, hakuonja."

"Na wewe Ijumaa uliitwa kwa sababu yake. Yeye ndiye mgeni aliyefanyiwa karamu, na ndiye Mwislamu peke yake kwa wageni."

"Ndio hivyo."

"Wanasema alifika alasiri. Lakini asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, mtu alishajua kwamba Mwislamu hatakuwepo mezani. Alijuaje?"

Aweys akanong'ona maneno ya kumwombea maiti.

Alijua kwa sababu Dirie alikuwa ameshakufa. Khadra alisema kweli: mumewe aliondoka baada ya alfajiri, akaenda kuzungumza na Mheshimiwa wawili tu, akakataa tena kuhama, na hapo ndipo alipomalizwa. Wageni walipofika walikuta nyama, wakala, na maneno ya kusema wakapewa baadaye. Opiyo alibeba sufuria na viti kama alivyosema. Wauaji walikumbuka kila kitu, ila hawakuona haja ya kumlipa mchinjaji kwa ajili ya mgeni asiyekula tena.

Nakhumicha alijawa na furaha, furaha tupu ya mpelelezi aliyeona fundo likifunguka. Akatoa karatasi ya taarifa, akaiweka juu ya kaunta mbali na damu.

"Utasema hayo yote nami nitaandika. Kwanza, nani alikupigia simu?"

Aweys alimtazama, akacheka kidogo, akaacha. Alifikiri anataniwa.

"Si mzee wako? Baba Shirleen mwenyewe. Yeye ndiye aliniita Ijumaa, yeye ndiye alinikataza Jumamosi. Nilipokuona hapo mlangoni nikasema eh, huyu ametumwa aniletee pesa ya boda."

Nakhumicha aliiweka kalamu chini. Jumamosi Wakhungu alimwambia ameshinda Rongai akitafuta mahema. Alirudi nyumbani jioni, akakataa chakula, akamkumbatia binti yao Shirleen mpaka mtoto akalalamika. Yeye alidhani ni uchovu.

"Labda hakujua," Aweys alisema kwa huruma. "Labda alitumwa tu. Mtu akipata kazi siku hizi, akiambiwa ruka anauliza wapi."

"Labda."

"Tuandike ni mtu simjui?"

Ilikuwa njia, na ilikuwa wazi mbele yake. Lakini simu isiyo na mwenyewe haimfungui mtu seli. Wakili yeyote angeitupa nje kabla ya chai ya saa nne, Opiyo angebaki ndani, na Khadra angeendelea kuambiwa mumewe alikula, akashiba, akashukuru. Nakhumicha aliona uchungu mpaka kwenye meno. Alimpenda mtu huyo. Alimpenda hata alipokuwa hana kazi na anaosha vyombo vibaya.

"Sema jina lake," alisema. "Sema polepole, niandike vizuri."

Aweys akasema, akatia sahihi. Nakhumicha akaipiga picha karatasi hiyo, akaituma palepale kwa Wanjira, mwendesha mashtaka aliyekuwa akingoja faili huko Kajiado, maana karatasi zinazopita kwa Wamalwa zilikuwa na tabia ya kupotea. Wanjira akajibu: nimesoma, leta wote waliotajwa. Hapo ndipo Nakhumicha alipompigia mumewe.

* * *

"Uko wapi?"

"Niko kwa gari." Sauti ya Wakhungu ilikuwa ya juu kuliko kawaida. "Mheshimiwa amenipitia ofisini. Ati tuende kwa lile shimo la zamani tuone mahali pa kujenga ua, watu wasianguke tena."

Nakhumicha alishika ukingo wa kaunta. Ni yeye mwenyewe aliyemponza mumewe. Ni swali lake la mpishi, na chai aliyoinywa mpaka chini.

"Baba Shirleen, Jumamosi nani alikuambia Aweys asikuje?"

"Hayo tutaongea nyumbani."

"Shuka kwa hiyo gari."

"Nishuke vipi? Yeye ndiye anaendesha."

Simu ikakwaruza, ikabadilisha mkono. Sauti iliyofuata ilikuwa ya upole.

"Shemeji. Nilidhani yale mambo madogo yameisha. Bwana yako hapa anasema hakumbuki mambo ya mchinjaji. Nikamwambia hata mimi sikumbuki. Sasa tumebaki kukuuliza wewe. Unakumbuka?"

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Asahau, na Wakhungu atarudi nyumbani kula. Opiyo atapelekwa kortini. Nao wawili watakaa mfukoni mwa Sirinket mpaka Shirleen azeeke. Akumbuke, na lile shimo litapata mtu wa pili. Shahidi huanguka shimoni, watu wakamlilia na kumzika, na mheshimiwa akatoa mchango. Nani atauliza?

Lakini kuna mtu ambaye huulizwa. Nakhumicha alimwona mtu huyo kila asubuhi alipotia sahihi kitabu cha seli. Mshukiwa. Akipata hata mkwaruzo, wa mwisho kuwa naye ndiye anayejibu.

"Nakumbuka, Mheshimiwa," alisema. "Aweys pia anakumbuka, ameandikisha, na Wanjira ameshasoma huko Kajiado. Aliyekataza mchinjaji ni Wakhungu. Kwa hivyo sikiliza vizuri. Huyo mtu uko naye kwa gari, nimemkamata."

"Umefanya nini?"

"Nimemkamata kwa mauaji ya Dirie. Aweys ako hapa, amesikia. Kuanzia sasa huyo ni mtu wa serikali. Akianguka popote, wewe ndiye ulikuwa naye. Lakini ukimleta mwenyewe mpaka kituoni, mzima, itaandikwa kwamba Mheshimiwa alisaidia polisi."

Alikuwa amemtupia mfupa, na mfupa wenyewe ni mumewe. Alijua hivyo. Alijua pia Sirinket angeuona, kwa sababu mtu wa aina hiyo hapotezi nafasi ya kumpa mwingine lawama.

Indiketa ya gari ilianza kulia, tik, tik, tik. Gari lilikuwa linageuka, lakini linageukia wapi? Nakhumicha alibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Aweys alisimama na kisu mkononi, midomo ikienda na dua.

Kisha akasikia honi. Honi ndefu ya lori, na nyuma yake nyingine. Njia ya shimo la zamani haina honi. Walikuwa wamerudi kwenye lami ya Namanga.

Simu ikabadilisha mkono tena.

"Mama Shirleen," Wakhungu alisema. Alikuwa akilia, wala hakujaribu kuficha. "Umenikamata?"

"Ndio, baba Shirleen. Nimekukamata," alisema. "Na usiposhuka kituoni ukiwa mzima, sitakusamehe."